Doa la Binzari

Wiki ile shuleni hatukuwa na litimasi.
Boksi lilikuwepo kabatini, limebaki jina,
ndani yake mende mmoja, mkavu, chali.
Mwalimu Nyanjige hakulalamika. Alitoa mkobani
pakiti ya binzari ya shilingi mia mbili,
akaikoroga kwa spiriti ya kidonda,
akachovya karatasi za daftari,
akazianika dirishani upepo wa ziwa uzipige,
zikakauka rangi ya miguu ya kuku wa kienyeji.

Leteni mlivyo navyo majumbani, tukaambiwa.
Meza ikajaa: ndimu, ukwaju, magadi ya maharage,
majivu ya jiko la kukaushia sangara, kutoka Mwaloni,
sabuni ya mche iliyokatwa kwa uzi,
mtindi wa bibi yake Ngolo.
Dondosha. Subiri. Andika.
Ndimu: njano ileile.
Ukwaju: njano, wala haushtuki.
Majivu —
karatasi ikaiva ghafla, nyekundu ya tofali,
darasa zima likapiga ukelele
kama bao limeingia uwanja wa Kirumba.

"Karatasi haisemi uongo," alisema mwalimu,
"ila haisemi yote. Jifunzeni kuiuliza."
Niliandika hilo pembeni, kwa penseli,
kwa kuwa halikuwa la mtihani.

Jumapili, baada ya kanisa, mama alikuwa anafua
juu ya jabali nyuma ya nyumba yetu Mabatini,
kule ambako jiwe ni ukuta, ni kiti, ni kamba ya nguo.
Shati la Malimi, jeupe la shule,
lilikuwa na kidoa kifuani, hafifu, unaweza kukipita.
Mama akapaka sabuni. Akasugua.
Kidoa kikawa damu.

Kwanza alinyamaza.
Kisha likatoka jina zima, hadi la babu:
"Malimi Lugembe Masunga! Umepigana na nani?"
Malimi akaapa. Akaapa kwa Mungu, akaapa kwa ziwa,
na kadiri alivyoapa mama alizidi kusugua,
na kadiri alivyosugua damu ilizidi kuiva.
Mama Tabisa akachungulia juu ya mawe:
"Hiyo ya pua. Naijua mimi damu ya pua."
Mwiko ukatoka jikoni.

Nikakimbilia ndimu.
Ilibaki nusu, imesinyaa, kwenye sahani ya dagaa.
Tone la kwanza likaangukia kola, bure.
La pili likapata katikati,
na wekundu ukarudi nyuma, polepole,
kama mtu aliyebisha hodi mlango usio wake.
Mama aliitazama ndimu. Akanitazama mimi.
"Rudia."
Sabuni, nyekundu. Ndimu, njano.
Mara tatu, mpaka Mama Tabisa akavuka mawe na kanga yake moja
aje aone kwa karibu.

"Si damu," nikasema, kwa sauti ya maabara.
"Ni binzari. Sabuni ni besi."
Malimi akashusha pumzi. Akaanza kutabasamu.

Mama akalinusa shati.
Mwezi mzima ule kwetu ni dagaa, nyanya na chumvi.
"Binzari," alisema taratibu,
"ya mchuzi wa nani?"

Na jana yake, saa zilezile za tuisheni,
kwa mzee Bundala kule Igogo
walichinja kuku wa harusi.
Hapo tabasamu la Malimi likakutana na alikali.

Jioni niliteremka ziwani na karatasi yangu ya mwisho,
nikaichovya kati ya mawe mawili, penye maji yasiyo na povu la wafuaji.
Nikasubiri. Pembeni ilikuwa kama imeona haya,
au ni jua, au ni macho yangu yaliyozoea kushangiliwa.
Nikaandika: maji ya ziwa, njano, pengine.
Nikafuta pengine.
Nikaliandika tena.